Kikombe Kimoja cha Naitrojeni, Kasense

Mage mpenzi,

Mtoto anakuacha ulale? Mimi huku Sumbawanga navaa masweta mawili, na bado baridi ya Ufipa haikitoshi kile kipande chako cha kristali, ambacho usumaku wake hujipanga kikipozwa mno. Ndiyo maana nimemfuata mjomba wangu wa Kasense, bwana mifugo, mwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, baridi kuliko barafu, anaotunzia mbegu za madume ya ng'ombe. Maabara yetu imeishiwa, yeye hajaishiwa. Akanipa kikombe kimoja tu.

Pale pale kwake nikakipoza kipande chako, nikakimulika, nikausoma kwenye kompyuta mwanga uliorudi. Mstari wa mwanga huo kwenye skrini ulikuwa na bonde pale kristali inapomeza rangi yake. Nikasogeza sumaku karibu. Bonde likahama. Nikaiondoa, likarudi. Sumaku za matabaka membamba ya kristali, zilizokuwa zimepeana migongo, ziligeukia upande mmoja, na rangi ikazifuata.

Mzee wa Kisukuma aliyemjia mjomba kwa ajili ya ng'ombe wake alikuwa nyuma yangu.

"Hujakigusa," akasema taratibu. "Kimejuaje?"

Nikampa sumaku. Akaisogeza polepole, kama anayemkaribia ndama aliyezaliwa sasa hivi, na bonde likamhamia yeye pia. Kisha mjomba akafunga mtungi: iliyobaki, akasema, ni ya ng'ombe.

Ulipokibandua kipande hicho kutoka kristali kubwa kwa selotepu, mimba imekuchosha, uliniambia umekiharibu. Hukukiharibu, Mage. Mbusu mtoto, na akikuamsha usiku, mwambie hivyo.

Wako,
Tuli