Baiskeli Yako Tumeitia Mota

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Kifua je, kimetulia au baridi bado inakuandama? Sisi wazima. Magoti ya Mama yanalalamika kuliko mwenyewe, Mjomba amepungukiwa na meno lakini si maneno, na mimi Nukta wako sijaongezeka hata inchi.

Naandika kwa sababu simu ya nyumba hii haina siri. Nikikupigia tu, Mama ananinyang'anya, anakuambia mambo yote ni shwari, anakata kabla sijapata zamu yangu. Leo zamu ni yangu.

Usishtuke: baiskeli yako ya gia tumeishusha ukutani. Najua, najua. Lakini tangu nianze kazi ya kufua mashuka hospitalini, kile kilima kilikuwa kinanitoa kijasho hasa. Nilikuwa nafika nimelowa kuliko mashuka yenyewe. Mjomba akasema dawa ya kilima ni mota, nawe unamjua fundi redio wetu, akishaingiwa na wazo halimtoki.

Mama alikataa wiki nzima. Baiskeli ile huifuta vumbi kila Jumamosi kana kwamba unakuja Jumapili. Mwishowe akakubali kwa sharti moja: kiti kisiguswe. Kibaki juu palepale ulipokiacha.

Basi tukaipindua juu ya meza ya jikoni, Mama anahamisha masufuria huku amenuna. Tukatoa gurudumu la nyuma, tukaweka lenye mota katikati. Betri ikakaa kwenye fremu, pale ulipokuwa unaweka chupa ya maji. Karatasi ya maelekezo Mjomba hakuitazama. Eti yeye alianza kufungua redio kabla aliyeiandika hajazaliwa. Akawasha. Gurudumu likazunguka vizuri ajabu, ila kinyumenyume! Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mama peke yake hakucheka.

"Iacheni hivyohivyo," alisema. "Mpelekeeni mwanangu, imrudishe."

Mjomba akajifanya anatafuta spana, na spana anayo mkononi. Kisha akabadilisha nafasi za nyaya mbili, ikaenda mbele.

Siku hizi kilima nakipanda huku naimba. Ukikanyaga pedali kidogo tu, kitu kinakusukuma kwa nyuma, kama ulivyokuwa ukinisukuma wewe nilipokuwa najifunza. Mara nyingine nageuka kutazama. Shida ni kusimama. Wewe mrefu kama mlingoti. Miguu yangu mimi haifiki chini. Pale njia panda, kwenye duka la dawa, ilinibidi niwe naegemea nguzo ya taa. Alhamisi nikakuta nguzo imeegemewa na muuza magazeti. Nilikwenda chini mzima mzima, goti na kiwiko. Usijali, napona.

Ila Mama aliona bandeji. Alimaliza kuosha vyombo, akakausha mikono, akamwomba Mjomba spana. Alikataa kusaidiwa. Kabla ya kulegeza chochote, alichukua rangi yangu ya kucha, ile nyekundu, akazungushia mstari kwenye bomba la kiti, pale linapoingia kwenye fremu. Akaupuliza mpaka ukakauka. Ndipo akakishusha kiti hadi kimo changu, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Sasa nakanyaga chini kwa miguu yote miwili, na sina raha. Kila mwaka unatuambia mwakani, nasi tunaitikia haya, mwakani. Sikulaumu, kazi ni kazi. Lakini nina hamu nawe, Kaka. Nina hamu hata ya kugombana nawe ana kwa ana, unichukulie mto wangu, niende kukusemea kwa Mama.

Mjomba anakusalimu, anasema mota akiifungua tena atasoma karatasi. Uongo mtupu. Nisalimie wifi, na umbusu mwanangu ambaye mpaka leo namjua kwa picha. Mungu akutunze huko, akufungulie na njia ya huku.

Mstari wa Mama hauonekani tena, umezama ndani ya fremu. Nikipita kwenye mashimo kiti kinachezacheza, nami nasikia bomba likijisugua humo ndani. Ni rangi ya kucha tu, Kaka. Njoo kabla haijakwanguka.

Mdogo wako akupendaye na kukungoja,
Nukta