Shuka Saba za Meza ya Pasi

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudishiwa insha. Kurasa sita, mwandiko wa kusimama, hakuna kufutafuta hata mahali pamoja – na mwalimu wa historia ameandika juu kwa wino mwekundu: "Hizi ni sifa. Historia iko wapi?"

Sifa! Kijana mwenyewe angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Nilimkazia macho mpaka akaanza kupangapanga chaki.

Swali lilisema: chagua mahali pamoja pa kazi, eleza nini kimebadilika na nini kimeendelea vilevile kwa miaka hamsini, na kwa nini. Wenzangu wa darasa la jioni walihangaika kuchagua. Mimi wala. Londri ya hospitali! Mama yangu kafanya pale miaka thelathini na mitatu, mimi natimiza kumi na tisa. Kama kuna watu wanaoijua londri ile ndani nje, ni sisi wawili.

Ila hili si la mchezo. Insha hii ndiyo itakayoamua nani anaandikishwa kwa mtihani wa sekondari mwaka huu. Asiyepita, mpaka mwakani. Nina miaka arobaini na minne. Niliacha shule nikiwa na kumi na sita, baba alipofariki, na tangu siku ile sijawahi kupita mbele ya shule bila kugeuza uso. Mwakani sitaki kuusikia.

Nimepewa wiki mbili. Atanitambua.

Jumanne, 4 Machi

Saa ya chakula. Naandika nimekalia furushi la foronya.

Kila nilipoandika "mama", mwalimu ameweka alama ya kuuliza. Palipoandikwa "mama yangu ndiye aliyebuni alama za uzi" ameweka mbili, na chini yake: "Umejuaje?"

Nimejuaje! Ni kama kuniuliza nimejuaje jina langu. Alama za uzi ndizo uti wa mgongo wa londri. Shuka zote ni nyeupe, zote zinaingia mashine moja, zikitoka utajuaje ipi ya wodi gani? Unatazama uzi kwenye pindo. Misalaba mitatu midogo: myekundu ni ya watoto, ya buluu ni ya upasuaji, ya kijani ni ya wazazi. Mama kabuni. Nimelijua hilo toka nikiwa na meno ya utoto. Na ushahidi upo, unaning'inia sebuleni kwetu: saa ya ukutani aliyopewa siku anastaafu, ina kibati cha shaba kimeandikwa "Kwa Mbunifu wa Alama za Uzi".

Jioni nikamwambia mwalimu habari za saa, kwa sauti, darasa zima lisikie. Hakubisha. Aliuliza tu nani aliagiza maandishi yale, na huyo mtu alikuwepo londri uzi ulipoanza? Nikafikiri. Aliyeagiza ni muuguzi mkuu, na alikuwa amehamia pale miaka minne tu kabla. Kama muuguzi yule aliambiwa, aliambiwa na nani? Na mama yangu.

Nikasema sawa mwalimu, nikakaa. Sikupenda hata kidogo.

Alhamisi, 6 Machi

Binti yangu naye anafanya mtihani uleule mwaka huu, shuleni kwake. Anajiona profesa. Kasema: mama, tafuta kitu ambacho hakisemi, kitu chenye tarehe, maana watu husahau au hupamba. Halafu kaniambia siku ya mtihani nikae mbali naye nisije nikamwangalizia. Nimemfukuza jikoni.

Lakini kanipa wazo. Kitu chenye tarehe – shuka! Kila shuka ya hospitali hupigwa muhuri wa mwaka kwenye pembe. Mbaya ni kwamba hazidumu. Ikichanika katikati tunaikata foronya, foronya ikichakaa inakuwa kitambaa cha kufutia, halafu basi.

Isipokuwa za mezani!

Meza yetu kubwa ya kupigia pasi imefunikwa shuka kuukuu. Ile ya juu ikiungua, hatuitoi. Tunatandika nyingine juu yake, tunaifunga kwa kamba chini, kazi inaendelea. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyofundishwa mama: ya chini haiguswi, ndiyo inayoipa meza ulaini. Maana yake nini? Maana yake nimesimama juu ya historia miaka kumi na tisa, naipiga pasi!

Nilicheka peke yangu mpaka msimamizi akachungulia. Tunamwita Mvuke, kwa sababu hasira zake hazichelewi kupanda. Nikamwomba ruhusa ya kuivua meza. Akapanda. Akasema meza haijavuliwa tangu dunia iumbwe. Nikamjibu ndiyo maana nataka kuivua. Tumekubaliana Jumamosi, bomba la mvuke likiwa limezimwa, na nirudishe kila kitu kama kilivyokuwa.

Jumamosi, 8 Machi

Shuka saba! Saba!

Tuliziondoa moja moja, mimi upande huu, Mvuke upande ule. Alikuja eti kusimamia, lakini ilipofika ya nne alikuwa amekunja mikono ya shati, anasoma mihuri kwa sauti kama anatangaza mpira. 2019. 2011. 2003. 1994. 1986. Zinazidi kuwa za kahawia kadiri unavyoshuka, na alama za pasi zilizounguza unaziona zimepita kutoka hii hadi ile ya chini yake.

Nikaanza kujisikia mkubwa. Ushahidi gani unaoshinda huu? Ile ya juu kabisa ina kibandiko cha kuchapwa, cha utaratibu mpya wa 2015 uliokuja kuchukua nafasi ya uzi – na hapohapo kando ya kibandiko, uzi mwekundu. Kwa sababu vibandiko vinabanduka kwenye joto, kila mtu anajua, na sisi tunaendelea kushona kimyakimya. Mvuke akautazama uzi ule, akanitazama mimi, akajifanya hajaona. Mabadiliko ni ya kwenye karatasi, mwendelezo uko kwenye pindo! Sentensi hiyo ni yangu mwenyewe. Imeshaingia kwenye insha.

Halafu ya sita. 1975. Kwenye pembe, misalaba mitatu ya buluu.

Nikasema labda imeshonwa baadaye. Tukatoa ya saba. 1968. Imekuwa ngumu kama gamba, lakini misalaba mitatu ipo, myekundu, na fundo limefichwa ndani ya pindo vilevile ninavyolificha mimi.

Mama alianza kazi 1979.

Mvuke kauliza mbona nimenyamaza ghafla. Nikamwambia vumbi.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia. Ningeweza kunyamaza, lakini mama anaishi nami, ananisoma usoni kama gazeti.

Alikuwa ameketi chini ya saa yake, anakunja nguo za nyumbani – anakunja kitaalamu, hata matambara. Nikaanza mbali, nikamweleza meza, shuka, mihuri. Akafurahi. Akacheka habari za Mvuke. Nilipofika 1975 mikono yake ikasimama.

"Kwa hiyo mimi ni mwongo?"

Nikasema hapana mama, nasema tu shuka zinaonyesha uzi ulikuwepo. Akasema shuka hazikufanya kazi pale miaka thelathini na mitatu. Kisha akamaliza kukunja, pembe kwa pembe, akaenda chumbani kwake.

Nimejisikia vibaya. Nataka kuliandika wazi: nimejisikia vibaya, na wakati huohuo najua nilichokipata ni kikubwa. Vyote viwili viko kifuani.

Jumatano, 12 Machi

Saa haipo ukutani. Umebaki msumari na duara jeupe palipokuwa hapapati vumbi. Binti kauliza imeenda kutengenezwa? Nikamwambia anywe chai.

Mama anakula nasi, anajibu salamu, anaomba chumvi. Basi.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimeipata!

Mvuke amekubali tuziweke shuka mbili za chini kando kwa muda, kwenye mfuko safi, zimeandikwa "Zisiguswe – Historia". (Mwandiko wake. Sasa hivi kila anayeingia londri anaonyeshwa. Utadhani kazishona yeye.) Nikaivua meza tena, nikazitandaza zote saba sakafuni, kwa mpangilio wa miaka, na kuzitazama tena, safari hii si kwa kutafuta nani alianza, kwa kutazama tu.

Uzi wa 1968 uko pembeni. Wa 1975, pembeni. Wa 1986 uko katikati ya pindo. Na zote zilizofuata, katikati.

Kwa nini usogezwe? Nikakunja ya 1968, nikakunja ya 1986, nikaziweka rafu moja. Ya pembeni, uzi unafichwa na mkunjo, lazima ufungue shuka uone. Ya katikati, uzi unakutazama bila kuguswa! Shuka mia nne kwa siku, hakuna kufungua hata moja. Na aliyekuwa mezani miaka hiyo alikuwa nani?

Nilirudi nyumbani mbio mbio, mtu mzima mimi, na mkoba unanipiga kiunoni. Mama alikuwa anachambua mchele uani. Sikusalimia hata. Nikamuuliza ni yeye aliyeusogeza uzi?

Akachambua kidogo.

"Wa pembeni ulikuwa unatupotezea asubuhi nzima," akasema. "Nilisogeza wodi moja kwanza. Walipoona tunamaliza mapema, wakataka zote."

Maneno mengi kuliko ya wiki nzima. Mama yangu! Hakuanzisha uzi, lakini aliufanya uonekane. Hayo ndiyo mabadiliko ndani ya mwendelezo, swali zima la mwalimu limekaa kwenye pindo moja. Kichwa kimevimba na nimekiacha kivimbe.

Jumatatu, 17 Machi

Rasimu ya pili imesomwa. Hakuna alama za kuuliza isipokuwa moja! Mwalimu kasema ameisoma mara mbili, ya pili kwa raha zake. Kinyozi, jirani yangu wa dawati, aligeuka kunitazama. Nikajifanya natafuta rula.

Ile moja iko ukurasa wa nne. Nimeandika: "Alama hizi zilianzishwa kabla ya 1968 na mtu asiyejulikana, na mama yangu alizirithi." Mwalimu kasema "asiyejulikana" ni jibu halali kabisa, mradi uwe umemuuliza kila anayeweza kujua. Umeuliza?

Nikasema ndiyo.

Sikuuliza. Nilimuuliza mama nani alisogeza. Nani alimfundisha, sikuthubutu.

Jumamosi kila mmoja anasoma insha yake mbele ya ndugu zake, kisha mwalimu anatia saini fomu za mtihani, au hatii. Akiuliza tena, nitajibu nini?

Alhamisi, 20 Machi

Nimemuuliza. Nilisubiri binti atoke, nikakaa karibu yake, nikasema mama, ulipofika 1979, nani alikuonyesha kushona ile misalaba?

Akasema kulikuwa na wengi.

Nikasema mmoja wao tu.

Akasema kulikuwa na bibi mmoja wakimwita Bi Kidole, kwa kuwa mashine ya kukamulia ilimkata cha shahada. Alishona haraka kuliko wenye kumi. Aliondoka mwaka uliofuata, hakuagwa, hakupewa hata kikombe. Jina lake je? Mama akainuka, akasema mgongo unamuuma.

Kwa hiyo nina ukurasa wa nne mara mbili. Mmoja una mama, mbunifu, kama kibati kinavyosema. Wa pili una mtu asiyejulikana. "Bi Kidole" siwezi kuandika, hilo ni jina la utani la kilema chake, nani atataka kuingia kwenye historia hivyo? Nimeziweka zote mbili kwenye faili, faili mezani sebuleni. Nitachagua nikifika.

Sijui kama naomba mama aje Jumamosi au asije.

Jumamosi, 22 Machi

Darasani. Zamu yangu ni ya tatu. Naandika nyuma ya daftari nikisubiri.

Mama kaja! Kavaa ile nguo ya siku ya kustaafu, kajipaka mafuta, kakaa mstari wa mbele kabisa na binti yangu. Mkoba mkubwa magotini. Chumba kikinyamaza unasikika kitu ndani yake: tik, tik, tik. Kaileta saa. Binti ananitazama kwa macho makubwa, mimi nainua mabega, sijui hata mimi.

Kinyozi anasoma. Anakwenda vizuri.

Nimefungua faili nichague. Ukurasa wa nne wenye kibati uko kama nilivyouacha. Ule mwingine umeguswa. "Mtu asiyejulikana" imekatwa kwa penseli, mstari mmoja, umenyooka kama pindo. Juu yake, kwa mwandiko wa mama – ule wa herufi kubwa, wa mtu aliyejifunzia kusoma kwenye orodha za wodi – kuna jina. Majina yote matatu ya Bi Kidole: la kwake, la baba yake, la babu yake. Mama alikuwa akilijua lote miaka yote hii! Na chini yake, kidogo: "Ndiye aliyeanzisha, akanionyesha mimi. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusema."

Nimemtazama. Anatazama mbele, kwa mwalimu, kidevu juu. Sijawahi kujivunia mtu namna hii.

Wanampigia kinyozi makofi. Mwalimu ameshika fomu, anaita jina langu. Ukurasa wa nne niliobaki nao mkononi ni mmoja. Ule mwingine, wenye kibati, nimeukalia.