Sahani ya Chiriku

Mabawa, Tanga

Mama yangu,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya pili, ya siku zote nilizokaa kimya. Goti lako je, bado linakusumbua ukiinama? Nyumba mmewahi kuiezeka kabla ya masika? Mimi mwili mzima, Alhamdulillahi. Moyo ndio uliokuwa mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ndio ninaokuandikia. Mjomba Selemani, najua ni wewe unayemsomea dada yako. Shikamoo, mjomba. Nakuomba usome polepole na usiruke neno, hata pale utakapoona mtoto wenu anakosa adabu.

Barua yenu niliipata siku ya Ijumaa, nikaifungua papo hapo njiani. Mama ulisema mjukuu wako Zainabu amedhoofu, na mkunga amemtazama akasema amebemendwa: kwamba mke wangu Mwanaidi alitembea na mwanamume mwingine huku ananyonyesha, na maovu yake yamemwingia mtoto. Ulisema umemwuliza mbele ya wanawake wote wa mtaa, naye hakujibu, alilia tu, na kulia kwake ni kukiri. Ukaniagiza nilete talaka umrudishe kwao.

Mama, nilisadiki. Sikujiuliza hata mara moja. Nilipita dukani nikanunua karatasi na bahasha za kuandikia talaka, nikaja nazo chumbani kwa hasira. Nilipoishika kalamu nikashindwa. Nikasema nitaandika kesho, na kesho ikawa wiki kadhaa.

Sasa nikusimulie habari za ndege. Najua utasema, "Huyu kapatwa na nini huko Tanga, namwuliza habari za mke yeye ananiletea ndege!" Nivumilie, mama, utaona ninakokwenda.

Yule mama wa Kigiriki ninayemfanyia kazi amekwenda kwao kwa meli, atakaa miezi sita. Nyumba kaifunga, ila chiriku wake wanne kaniachia mimi, na tundu lao, niwatunze hapa chumbani kwangu Mabawa. Si chiriku kama wale wetu wa shamba. Hawa wa manjano kama mchuzi wa bizari, na wakianza kuimba, wewe na mwenzio mtapiga kelele ndipo msikilizane. Wewe uliyenichapa fimbo kwa kusinzia dunguni nikiamia, ndege wakala mtama wako wote, leo mwanao anapewa mshahara kwa kuwalisha ndege. Cheka tu, nami nilicheka.

Kabla hajaondoka alinifundisha. Kila asubuhi mbegu za namna namna, na jani bichi, na kipande cha tunda. Mara mbili kwa wiki yai la kuchemsha, lipondwe. Hata mwanamke wa kuleta mayai alimpanga, anatoka Pongwe. Mimi nikawa naitikia, "Ndiyo mama, ndiyo mama," na moyoni nasema, huyu naye! Yai apewe ndege? Ndege amle nduguye? Kwetu yai hata mtoto wa mtu hapewi, asije akawa mwizi. Basi mayai yalipoletwa niliyala mimi. Ndiyo mama, umesikia sawasawa. Kila wiki, kwa chumvi. Na zile mbegu za kopo alizoniachia zilipokwisha nikawatilia mtama mtupu, nikajaza sahani mpaka juu, nikaona amana nimeitimiza.

Kidogo kidogo wakaacha kuimba. Wakawa wanakaa wamejikunyata, manyoya yamesimama, mengine yanaanguka. Mmoja shingo ikabaki ngozi tupu. Ndiyo siku zile zile barua yenu ilipofika, nami sikuwa na macho ya kuwatazama. Wiki haijapita, asubuhi moja nikamkuta mmoja chini ya tundu, miguu juu.

Hapa uani pana mpangaji mwenzangu, Rashidi, Mdigo, kazi yake udobi. Siku chache nyuma alikuwa amepita akasema, "Ndege wazuri hawa!" akaenda zake bila ya kusema mashallah. Hasira yangu ilikuwa inatafuta pa kuangukia, ikamwangukia yeye. Nilitoka na yule ndege mkononi, nikapiga ukelele, "Rashidi! Jicho lako limeniulia ndege!" Wanawake waliokuwa wakipeta mchele wakasimamisha nyungo. Rashidi alikuwa ameshika pasi ya makaa, akanitazama.

"Mimi?"

"Wewe! Nani mwingine aliyewasifu?"

Aliinama akaendelea kupiga pasi. Nami nikawageukia wale wanawake nikasema, "Mnaona? Hana la kusema."

Siku mbili hatukusalimiana. Siku ya tatu akaja mwenyewe bila ya kuitwa, akachutama mbele ya tundu.

"Unawapa nini hawa?"

"Mtama."

"Na nini?"

"Mtama."

"Na jana?"

"Rashidi, nimekwambia mtama!"

Akaitoa ile sahani, akaipuliza. Mama, sahani niliyoiona imejaa yote ilikuwa makapi! Ndege humenya punje, akala kiini, ganda akaliacha pale pale, nami kila nikipita naona chakula tele. Makapi yaliporuka zilibaki punje za kuhesabu.

"Chiriku wa porini," akasema, "leo atapekua mbegu, kesho atadonoa jani, keshokutwa ataokota kidudu. Huyu umemfungia, hawezi kwenda kujitafutia. Anakula unachompa, basi. Na wewe badala ya kutazama sahani unatazama macho yangu."

Rashidi amefuga chiriku tangu utoto wake huko kwao, naye ndiye aliyenifundisha upya. Nikanunua mwele na ulezi, na ufuta kidogo tu, maana ukizidi ndege hunenepa akashindwa hata kuruka. Nikawa nachuma majani ya mchunga mtaroni, siku nyingine mchicha, siku nyingine kipande cha tango au papai. Ufuoni nikaokota lile gamba jeupe la dome, yule jamaa ya ngisi, nikalifunga kwa waya kando ya kitulio, wakawa wanalikwaruza kwa midomo. Yai nililiponda pamoja na ganda lake, na lililobaki nikaliondoa kabla ya adhuhuri, kwa kuwa joto la huku huliharibu upesi. Siku ya kwanza nilipowawekea yai walilivamia wote watatu. Niliona haya nikageuka upande.

Baada ya wiki kadhaa manyoya yakaanza kuchipua. Juzi alfajiri nilikuwa natia udhu nikasikia mmoja anajaribu sauti, akakatiza, akajaribu tena. Kisha akaimba, wenziwe wakamfuata. Nilisimama na kopo la maji mkononi kama mjinga. Siku nyingi sikuwa nimefurahi.

Baada ya sala nikaitoa barua yenu nikaisoma tena. Ile siku ya kwanza niliishia kwenye neno talaka. Chini yake mjomba alikuwa ameongeza mistari mitatu, kumbe sikuisoma. Mjomba, uliandika kwamba nywele za Zainabu zimekuwa laini, rangi ya kutu. Kwamba miguu imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Kwamba hachezi tena, anakaa tu pale alipowekwa. Halafu ukaandika, "Chakula hatumnyimi, uji wa muhogo asubuhi, ugali wa muhogo jioni, naye anashiba." Neno hilo anashiba nililisoma mara tatu.

Sikwenda popote siku ile ila hospitali, nikamngoja dresa mmoja, msaidizi wa daktari, hata akapata nafasi. Sijamaliza kueleza akanikatiza, "Nywele nyekundu? Miguu imevimba?" Akasema watoto wa makambi ya mkonge anaowaona hivyo hawana idadi, matumbo yamejaa muhogo. Nikamwuliza habari ya kubemendwa. Akasema, "Mama zao wengi wamesingiziwa, ndugu yangu. Mtoto amekosa chakula cha kumjenga." Akaniambia kwa ukali kwamba hali ya miguu kuvimba si ya kungoja.

Basi mama, hii karatasi unayosomewa ndiyo ile niliyonunua kwa ajili ya talaka. Sitaandika talaka. Kumbuka wewe mwenyewe ulivyoniarifu mwaka jana, Mwanaidi alishikwa na homa, maziwa yakakauka. Tangu hapo mtoto huyo amekula nini? Muhogo. Yai hapewi, eti atakuwa mwizi. Samaki hapewi, eti atapata mchango wa tumbo. Na sisi tukaenda kutafuta mwanamume wa kumsingizia mke wangu! Sikulaumu peke yako. Mimi ni baba yake, nimefuga ndege nikawapa mtama mtupu, nami ndiye niliyekimbilia dukani kununua karatasi.

Nakuomba kwa adabu zote ninazozijua. Mjomba ampakie Zainabu na mama yake kwenye baiskeli kesho asubuhi, awapeleke hospitali. Nyumbani apewe yai, na dagaa waliopondwa, na kunde zilizoiva zikalainika, na mchicha, na yule mbuzi wa jirani anayekamwa mwombeni maziwa. Kidogo kidogo, mara nyingi, si kwa siku moja. Na akija kuwa mwizi, mama, niachie mimi, nitamfunza adabu. Mwizi hufundishwa. Maiti nitamfundisha nini?

Liko jambo moja zaidi, nalo ni zito kwangu kukwambia. Rashidi nilimtukana uani mbele ya watu, basi sikumwomba radhi chumbani. Niliwangoja wale wale wanawake wakae na nyungo zao, nikasimama, nikasema nimemsingizia, hata yale mayai nikayakiri. Alinipa mkono akasema, "Nimesamehe. Lakini hayo mayai ya watu utayatapika wapi?" Uani kote wakacheka, nami nikacheka, uso unaniwaka. Mwanaidi ulimwuliza mbele ya mtaa mzima. Msafishe mbele ya mtaa mzima. Kulia si kukiri, mama. Mtu akisingiziwa na wakubwa wake, na mume yuko mbali amenyamaza, alikuwa afanye nini jingine?

Msalimie baba mkwe wangu, mwambie nitamwandikia kwa mkono wangu, nina deni la haya kwake. Msalimie shangazi anayesuka mikeka, na mwalimu wa chuoni aliyenifundisha kushika kalamu. Mkunga pia msalimie kwa heshima. Amewapokea watoto wengi wa mtaa, na mimi mmoja wao, na kukosea hukosea kila mtu.

Ruhusa nitaiomba mara tu mama wa Kigiriki atakaporudi, nije nikamwone mwanangu, Mungu akimpa uhai hadi siku hiyo. Usingizi siupati, naandika haya mkono mzito.

Mjomba, ukifika hapa usiikunje barua. Mwite Mwanaidi akae karibu yako, uanze upya tangu mwanzo, asikie kwa masikio yake kwamba mumewe hakumwacha. Na wewe mama, wakati yeye anasikiliza, ingia jikoni ukachemshe yai.

Mwanao,
Athumani