Bihogo kwenye kitabu cha padri

Alhamisi, Nkwenda

Padri aliniahidi ruhusa ya kwenda kwetu Kibondo nikimaliza jalada la kile kitabu kikuukuu cha sala, chenye herufi za dhahabu. Leo nimelimaliza, kwa ngozi ya ng'ombe. Mzee aliyetoa ngozi akaja kuangalia, akaona ukurasa wa kwanza majina ya waliowahi kukimiliki kitabu.

"Ng'ombe wangu Bihogo mbona hayumo? Si ndiye anayekishikilia? Mwandike, au nambandua."

Nikamwandika, chini ya jina la askofu aliyekimiliki mwisho.

Jioni padri akauliza, "Bihogo ni nani?"

"Marehemu, Baba. Wa kwa yule mzee."

"Alibatizwa?"

Nilikuwa nimechoka. Nikasema ndiyo.

Ruhusa nimepata, ila baada ya misa ya Jumapili ya kumwombea. Mzee ameahidi kuja na ndugu wote wa marehemu.

Ndugu hao nimewaona. Wana pembe.