Ofisi Tumeipaka Rangi, Baba

Baba,

Shikamoo. Ni mimi mkweo, Masunga, nakuandikia kwenye meza yako uliyoniachia, ile yenye mguu mmoja mfupi. Vitu vingine vingi ndani ya chumba hiki vimehama, na ndiyo sababu naandika. Sitaki ionekane nimepindua nyumba yako bila kukuaga.

Ni miezi saba sasa tangu utuache. Tulipomaliza msiba, mimi na bintiyo Skola tulihamia hapa, maana Mama asingeweza kubaki peke yake na nyumba nzima. Vijana wa kijiwe cha bodaboda wananiambia nimeolewa. Nawajibu ndiyo, na ng'ombe wa mahari wako njiani. Wanacheka, nacheka nao, lakini utani huo unauma kidogo, kwa sababu unajua nililelewa vipi. Kwetu Usukumani mwanamume akikutana na mama mkwe njiani, anaingia kwenye majani mpaka mama apite. Humtazami usoni, huli naye, na ukiwa na neno la kumwambia unampa mtu mwingine alipeleke. Mama naye, Mndamba wa hapahapa Ifakara, kwenye hilo ni mkali kuliko shangazi zangu wote.

Wewe ndiye uliyetupatia njia. Uliponichukua unifundishe kuchora ramani za nyumba, chumba chenye mwanga na soketi kilikuwa hiki kimoja cha mbele, na cherehani ya Mama ilishakaa humo miaka mingi. Ukaweka kiti chako katikati. Mama dirishani, mimi ukutani, tumepeana migongo, na wewe ukawa tarishi wetu. Mama akisema, "Mwambie mkweo asogeze mguu, amekanyaga kitambaa." Ukageuza shingo ukaniambia vilevile, kana kwamba sikusikia, nami nikangoja uniambie ndipo nisogeze. Miaka minne hivyo. Siku ukichoka ulikuwa unasema, "Shingo inaniuma kwa kupeleka maneno ya watu."

Ulipoondoka nilijua tutakuwa kimya. Asubuhi ya kwanza niliyorudi kazini Mama alikanyaga cherehani kidogo, akaacha, kisha akakiambia kiti chako: "Mwambie mkweo chai ipo." Nikakigeukia kiti na mimi. "Baba, mwambie Mama ahsante." Nililia, Baba. Nikajifanya napiga chafya. Nyuma yangu cherehani ikaendelea kukimbia, na kwa mlio wake nilijua haina kitambaa.

Basi tukaendelea kukutuma. Shida ilikuwa wageni. Mzee mmoja wa Kiberege alikuja kuchorewa nyumba ya vyumba vitatu, akakaa kwenye kiti chako kabla sijamwahi. Mama, bila kugeuka, akasema, "Mwambie mkweo awashe feni." Yule mzee akanitazama, akatazama mgongo wa Mama, akasema kwa adabu zote, "Unaambiwa uwashe feni." Nikawasha. Nikamwomba amwambie Mama kwamba nimewasha. Akamwambia. Alikaa saa mbili nzima akipeleka na kurudisha, na nilipomsindikiza akaniambia hajawahi kuingia ofisi ambayo mteja anapewa kazi.

Skola aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Lakini unamjua bintiyo. Alipomaliza kucheka alifuta macho na kusema sasa basi, chumba hiki kinapangwa upya, kiwe ofisi ya watu wawili wanaopenda kazi yao na si mahali pa msiba. Akaanza kunionyesha picha kwenye simu: meza nyeupe, maua, taa nzuri.

Kazi ya kupanga ilikuwa tamu, sitakuficha. Rangi ilituchukua wiki. Skola alitaka nyeupe, Mama akakiambia kiti kwamba nyeupe ni ya zahanati, yeye anataka kijani cha kitalu cha mpunga kabla hakijang'olewa. Tukapaka hicho kijani, na sasa asubuhi jua likiingia chumba kizima kinaamka. Fundi wa Mang'ula alituundia shelfu, ya chini kabisa imeanzia kiunoni, maana mwaka yale maji ya mafuriko yalipoingia humu ulilala juu ya meza umekumbatia ramani za watu. Michoro nimeikunja ndani ya vipande vya bomba la maji, kila kimoja na jina la mwenye nyumba. Vifungo vya Mama viko kwenye chupa za jamu, vimepangwa kwa rangi, na mikasi ina misumari yake. Ule mkeka wa ukindu aliousuka mwaka mlipooana tumeutundika ukutani. Juu ya meza yangu tumeweka ramani ya nyumba hii, ile ya penseli, ndani ya fremu ya kioo. Mlango wa jiko umeufuta na kuuchora mara tatu. Nilimuuliza Skola kwa nini, akasema muulize Mama.

Kosa lilifanyika siku ya mwisho. Tukiwa hatupo, Skola alikitoa kiti chako akakipeleka baraza ya nyuma, akaleta cherehani na meza yangu katikati ya chumba na kuzitazamanisha, kama kwenye picha yake. Alituita tuingie kwa pamoja, amefurahi, mikono ina rangi. Nikakaa. Mama akakaa. Nikainua macho, Baba, nikamwona. Miaka minne sikujua kwamba ana alama ndogo nyeusi chini ya jicho la kushoto.

Nilitoka kwa mlango wa mbele, Mama akatoka kwa wa nyuma. Siku tatu nilichorea juu ya siti ya pikipiki chini ya mwarobaini, kompyuta imejaa jua, sioni mstari. Mama hakuigusa cherehani. Majoho ya kwaya yalikuwa yamekatwa na hayajashonwa. Siku ya tatu alimwambia Skola kwamba ameshazeeka, ushonaji basi, cherehani ipelekwe kwa masista na chumba wabaki nacho watoto.

Nilikuja humu kujifunza kwa mumewe, nikahamia humu ili asibaki mpweke, na sasa ni mimi ninayemtoa kwenye dirisha alilokalia kabla sijafika mjini hapa. Na mtu huyu asiposhona atafanya nini? Nimemwona siku asizoshona. Anafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa.

Siku iliyofuata, mchana, nikasikia cherehani inaburutwa. Nikaingia. Alikuwa anaikokota peke yake. Nikatafuta kiti chako ili nikuambie umwambie. Hakuna. Palikuwa na sakafu tu kati yetu. Nikageukia ukuta, nikafungua mdomo, sauti ikatoka ndogo.

"Mama, usihame."

Sikuwahi kumwambia neno kwa kinywa changu, Baba. Nyuma yangu cherehani ikaacha kuburutwa.

"Nani amekuambia nahama? Nasogea. Hapa katikati nani ataona tundu la sindano? Hebu shika huku."

Nikashika. Tukaibeba mpaka dirishani, yeye upande wake na mimi wangu, wote tukiangalia miguu ya cherehani. Kisha akaniambia nirudishe meza yangu ukutani. Nikairudisha. Kile kioo ambacho wateja wa Mama hujitazamia tukakipeleka nje kwenye korido, maana kilikuwa kinatuonyesha nyuso. Skola aliporudi akakuta picha yake imevunjwa yote isipokuwa rangi, akanuna mpaka wakati wa kula, halafu akaanza kucheka tena.

Sasa tunasemeshana. Si sana, maneno kumi kwa siku, migongo palepale. Sijamtazama tena usoni na sina haraka. Jambo ambalo hukuniambia ni kwamba Mama ana maoni kuhusu majiko. Wiki iliyopita alipita nyuma yangu kuchukua uzi, akasimama. "Hilo jiko mwanamke atageukia wapi na sufuria ya moto?" Nikalifuta. Mke wa yule mzee wa Kiberege alipokuja kuangalia ramani yao, aliburuta stuli akakaa karibu na cherehani, wakalipanga jiko wao wawili mpaka jua likageuka. Mimi nilichora nilichoambiwa. Ni jiko zuri kuliko yote niliyowahi kuchora, na nimeshaelewa ni nani aliyekufutisha ule mlango wa jiko mara tatu.

Nakukumbuka sana. Kuna saa nageuza shingo nikuonyeshe kipimo, nikakuta shelfu. Lakini asubuhi nikifungua mlango huu wa mbele nafurahi kuingia, na nilidhani sitafurahi tena.

Nakuahidi hivi: maadamu nashika penseli katika nyumba hii, dirisha ni la Mama. Hakuna meza yangu, wala mteja, wala mtoto wangu akijaliwa kuja, atakayekaa pale yeye akiwa bado anaiona sindano. Kwa heri, Baba. Lala salama.

Nilitaka kuishia hapo, lakini Mama ameniuliza naandika nini muda wote huu bila kushika rula. Nimemjibu mwenyewe kwamba namwandikia Baba. Cherehani imesimama. Nimengoja.

"Mwambie sijahama," amesema.

Mkweo,
Masunga