Miti ya Ukoo wa Mke Wangu

Mgeta, Morogoro
Masika yanaelekea mwisho

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lisiwe linakusumbua sana na baridi ya huko Njombe. Sisi huku hatujambo. Skolastika anakuamkia, na wajukuu zako wawili wanauliza kila mara bibi wa mbali anafananaje. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unalia kabla sijamaliza, nami nikisikia unalia nasema ndiyo kwa kila kitu. Safari hii sitaki kusema ndiyo kwa ajili ya machozi.

Tangu tulipomzika Baba unaniuliza nitarudi lini kuchukua shamba lake. Jibu ninalo, Mama, lakini siwezi kulitoa bila kukueleza yaliyonikuta huku. Nivumilie.

Unajua tunalima kabichi na karoti kwenye kipande ambacho Skola alipewa na ukoo wake. Huku ardhi inapitia kwa mama. Mume anakuja, analima, anakula, lakini ardhi ni ya ukoo wa mke na msemaji wake ni mjomba. Kwetu sisi msemaji ni Mzee Fabiani, kaka yake mama mkwe wangu, mtu mkavu asiyecheka hovyo. Kipande chenyewe kinashuka mlimani mpaka kwenye kijito kinachotoka kwenye chemchemi ya kitongoji. Kwa ulafi wangu nililima mpaka jembe likawa linagusa maji. Wenzangu wote walifanya hivyohivyo. Mvua ikinyesha kijito kinakuwa tope, kiangazi kikifika kinabaki cha kukinga kwa kikombe. Nimemwona shemeji yangu akigombana na jirani hapo mpaka ndoo ikapasuka.

Siku chache baada ya ugomvi huo nilipeleka mzigo Morogoro mjini. Mama mmoja wa vijiji vya chini ya mto wetu, aliyenunua kabichi zangu, akaniambia, wala hakuwa na hasira, kwamba sisi watu wa mlimani tunawauzia mboga huku tukiwamalizia maji. Unanijua nilivyo mwepesi wa kujibu. Siku ile nilikunja magunia yangu nikaondoka, maana tope alilokuwa akilichuja huko chini lilikuwa udongo wa shamba langu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeona aibu kweli.

Basi nikaacha kulima ukingoni. Nilihesabu hatua kumi na tano kutoka kwenye maji, nikasema jembe langu halitapita hapo tena. Hapo ukingoni ndipo tulipokuwa tukipata kabichi za kiangazi, na Skola alininunia wiki nzima. Nikaotesha miche ya mikuyu na miti mingine ya asili inayokaa vizuri na maji. Sikutaka mikaratusi kama tunayopanda kwetu, ile ingekinywa kijito chote. Nikapanda, nikazungushia matete mbuzi wasiingie, nikawa naikagua kila asubuhi kama mtu mwenye ng'ombe anayekaribia kuzaa. Majirani walinicheka, nikawaacha wacheke.

Kosa langu sikulijua. Kwetu Njombe mtu akipanda mti kando ya shamba, amepanda mti tu. Huku mgeni akipanda mti kwenye ardhi ya ukoo, amejitwalia ardhi. Nimeishi hapa miaka minane na hakuna aliyenieleza, kwa kuwa hakuna aliyedhani mtu mzima na ndevu zake halijui jambo hilo. Nami sikuuliza. Miti ilipofika magotini, Mzee Fabiani akaniita kwake. Nilikuta ukoo mzima umeketi.

Alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari zako, halafu akasema: "Mkwe wetu, hatukukunyima ardhi ya kula. Mahindi ukivuna yamekwisha. Kabichi ikipanda kwenye lori imekwisha. Lakini mti utakuzika wewe na kunizika mimi. Kesho watakuja ndugu zako kutoka huko kwenu, waseme hapa ni pa kaka yetu, si miti yake hii?"

Nilipandisha hasira, Mama. Nilisema maneno ambayo mkwe hasemi. Niliwaambia wao wenyewe ndio waliomaliza maji, na kwamba kijito hakiulizi mtu ni wa ukoo gani. Skola akaniangalia mara moja tu. Nikaomba radhi, nikasema niko tayari kuapa mbele yao kwamba sidai chochote. Mzee akatikisa kichwa. Akasema kiapo changu nitazikwa nacho, miti itabaki. Wakakubaliana ing'olewe.

Hapo ndipo mke wangu alipoomba kusema. Hakunitetea, na nilimchukia kwa dakika ile. Aliwaambia: "Tatizo ni mkono uliopanda, si mti. Basi tuing'oe sote, na tuipande palepale sisi wenye ardhi."

Wazee walinong'onezana muda mrefu. Mwishowe Mzee Fabiani akasema na iwe hivyo, lakini mimi nisiguse hata mche mmoja.

Mvua za kwanza zilipolainisha udongo walikuja wanawake wa ukoo, mama mkwe akiwa mbele. Niliambiwa nikae juu ya kijia. Nikaona miti niliyoilea ikitolewa ardhini mmoja mmoja. Wengine walivuta kwa nguvu, mizizi ikakatika, nami nikawa napiga kelele kutoka kule juu: chimbeni kwa mbali, toeni na bonge la udongo! Walinicheka mwanzoni. Kisha mama mkwe akaanza kuuliza, hivi au hivi? Nikamwelekeza kwa fimbo. Sikuona haya kulia, Mama, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha sijui nani alijua.

Karibu nusu ya miti ilikufa. Waliona inakauka, wakaja wenyewe kuniuliza miche inaoteshwaje, wakaijazia. Mzee Fabiani amepanda wake pale chemchemi inapotokea, na juzi alimfokea mpwa wake aliyefunga mbuzi karibu. Wanaukoo wengine wanne wameacha kulima ukingoni, kwa sababu sasa pale pana miti ya ukoo na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuigusa. Mimi niliomba kijiti kimoja cha kuegemeza njegere, nikanyimwa. Sitakudanganya kwamba maji yameongezeka. Hayajaongezeka bado. Ila mvua ikinyesha siku hizi kijito chetu hakiwi tope kama zamani, na hilo nimeliona kwa macho yangu.

Sasa nije kwenye shamba la Baba. Mwaka jana ulinieleza kwenye simu kwamba dada yangu Tumaini alipanda miche ya parachichi kule, na Baba mdogo akaing'oa yote, kwa sababu binti hapandi miti kwenye ardhi ya baba yake, ataolewa na kuipeleka kwa watu. Ukaniuliza ninasemaje. Nikasema Baba mdogo yuko sawa. Nilisema kwa urahisi, nikiwa nimeshika kikombe cha chai, kisha nikakuuliza habari za mvua. Jibu lile nimelikumbuka nikiwa nimesimama juu ya kijia, ninaangalia mizizi inakatika. Sijapata kujionea aibu kama siku ile.

Sirudi kulichukua shamba, Mama. Anayelilima ni Tumaini, anayekukanda goti ni Tumaini. Mpe yeye. Mwite Baba mdogo, mwite na mwenyekiti wa kijiji, useme mtoto wako wa kiume ameridhia, na barua hii iwe shahidi. Kama haitatosha, nitapanda basi nije niseme mbele yao.

Nisalimie Baba mdogo kwa heshima zote, simgombezi, mimi nilikuwa upande wake. Nisalimie Shangazi Atupele aliyenifundisha kushika jembe, na jirani yetu Mama Upendo anayekukamulia ng'ombe.

Na wewe Tumaini, najua ni wewe unayemsomea Mama, maana macho yake hayaoni tena maandishi. Najua pia una tabia ya kuruka yanayokuhusu. Rudi juu, usome tena pale nilipotaja shamba, usome kwa sauti, Mama asikie na wewe usikie. Kisha unisamehe.

Ni mimi mwanao,
Erasto