Mbuzi wa Mama Mkwe

Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, lakini mvua yenyewe imekwenda kunyeshea wengine, kama kawaida yake. Nimetoka Emali kumzika Muthui. Viatu vimejaa vumbi, na moyoni nina jambo ambalo sitalala nalo bila kuliandika.

Muthui alikuwa dereva wetu. Mimi nilikuwa karani wa tiketi Kabati, katika chumba kidogo chenye dirisha la waya, miaka ya themanini ikielekea kuisha. Basi letu lilitoka Kyuso, likapita kwetu, likaenda mpaka Emali na abiria, magunia ya pojo, na mbuzi wa wafanyabiashara juu ya paa.

Alikuwa pia mdomo wetu. Tulimchagua wenyewe, maana Muthui hakuogopa mtu. Aliwahi kumwambia mwenye basi wa kwanza usoni kwamba tairi limekwisha na yeye hapandi.

Karibu hakuogopa mtu, niseme hivyo.

Tuliposikia basi linauzwa, yeye ndiye aliyetufungua macho. Basi likiuzwa, alisema, mnunuzi achukue na miaka yetu ya kazi. Asituandike kama watu aliowaokota jana stendi. Miaka ndiyo inayokushika mkono ukiumia au ukizeeka. Aliyekuwa na mingi kutushinda sote ni Kimanzi, fundi wetu, aliyeanza na basi hilo likiwa bado linanuka rangi. Muthui aliapa kwamba jina la kwanza atakalotaja mkutanoni ni la Kimanzi.

Siku ya mkutano tulijipanga uani. Pikapu ya mnunuzi ikaingia. Akashuka meneja mpya, kisha akashuka mwenye mali mwenyewe: Mama Ndunge, mfanyabiashara wa Emali. Mama huyo alifanya mambo yake kimyakimya. Hata binti yake alipata habari siku hiyo hiyo.

Na binti yake, Ndunge, ni mke wa Muthui.

Asiye Mkamba anielewe. Sisi tuna nthoni, ile heshima yenye haya ndani yake. Mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, haketi naye, habishani naye. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Mama naye vivyo hivyo. Sasa huyo ndiye wa kusimama mbele yake adai haki?

Kufumba na kufumbua, Muthui hakuwepo. Alizunguka nyuma ya basi akabaki huko. Viatu vyake tuliviona kati ya magurudumu, vimetulia kama vya mtoto aliyefukuzwa darasani.

Meneja akatangaza kwamba wote tutaandikwa upya kuanzia siku hiyo. Akauliza, "Mwakilishi wenu ako wapi?" Nikajitokeza mimi.

"Na ile miaka yetu?"

"Wewe madam, uza tiketi. Niliambiwa kuna mwakilishi. Kama hana neno, mimi nitajuaje?"

Mama Ndunge alikuwa amejifunika leso, anatazama upande wa pili. Mbuzi juu ya paa walipiga kelele mpaka meneja akakasirika. Tukaandikwa upya.

Jioni Muthui alikuja dirishani kwangu, macho mekundu. Njia ilikuwepo na aliijua: mkwe mwenye jambo zito hupeleka mbuzi, akachinjwa, akaliwa, nthoni ikalegea, watu wakaongea. "Lakini nikipelekea tajiri mbuzi, nyinyi mtasema nini? Si mtasema nimewauza? Hiyo ni hongo, dada." Nikamwona mtu safi. Sote tulimsifu kwa hilo.

Baadaye jeki iliteleza ikamvunja Kimanzi mkono. Meneja akahesabu kazi yake kuanzia siku ile ya uani, kana kwamba aliyelilea lile basi tangu mwanzo ni mtu mwingine. Kimanzi akaenda nyumbani mikono mitupu. Mpaka leo anaziba pancha za baiskeli pale Kabati, kwa mkono mmoja na nusu. Muthui aliacha udereva, na Kabati hakukanyaga tena. Alikuwa amepata mtu wa pili wa kumkwepa.

Leo mazishini Mama Ndunge, mzee sasa, aliketi mbali na kaburi, leso usoni. Hata maiti aliionea nthoni. Nikaenda kumsalimu, akanishika mkono.

"Wewe ni yule wa tiketi. Mimi niliona viatu vyake, unajua? Nikasema, huyu atakuja na mbuzi. Hata meneja nilimwambia hiyo mambo ya miaka ingoje kwanza, mkwe wangu atakuja tuongee. Nikangoja, nikangoja. Hakukuja. Nikajua mmeridhika."

"Lakini mwaitu, mama yangu, kwa nini hukumwita?"

"Mama mkwe aitishe mbuzi? Ulisikia wapi?"

Nikauachia mkono wake, nikaaga.

Nimekuja njia nzima na majuto, na hasira pia imo. Haki ya Kimanzi ilikuwa haki, mbuzi awepo asiwepo. Mwenye mali hakuhitaji kunusa nyama choma ndipo aijue. Hilo nalisema na sitalirudisha. Lakini najua pia kwamba watu wawili waliheshimiana mpaka mtu wa tatu akaumia, na sisi tukapiga makofi.

Kesho nikitoka kanisani nitapita kwa Kimanzi. Lazima ataniuliza mazishi yalikuwaje, na nani alisema nini. Nimwambie? Nimwambie kwamba siku ile tulipungukiwa na mbuzi mmoja tu?

Yeye ndiye aliyewafunga wale mbuzi waliojaa juu ya paa siku ile.